Mishambya ya kibanjani: shajara ya miaka saba, Muleba

17 Machi 2018

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya mlango.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua jiko la mama kuanzia kona ya mashariki hadi kwenye paa. Wiki iliyopita nimelibomoa ili nijenge upya, na kila kilichokuwa cha mti ndani yake kilikuwa kimeliwa na mchwa, isipokuwa mlango na fremu yake. Nikaulaza juu ya meza ya kazi, nikaupitishia randa mara mbili. Chini ya masizi ya miaka thelathini kulikuwa na mbao ya kahawia hafifu, imetulia, haina tundu hata moja. Mama akasema ni mshambya. Marehemu baba aliukata humu humu kibanjani, yaani katika shamba la migomba linalozunguka nyumba, wakaupasua wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni.

Mimi ni seremala. Ninachonunua ni paini na mkaratusi wa rweya (uwanda wa nyasi nje ya vibanja), na sikumbuki mara ya mwisho kuletewa ubao wa mshambya wa futi nane usio na fundo. Miti yenyewe imejaa. Ukitoka hapa hadi barabara kuu utaihesabu mpaka uchoke. Lakini imepinda, imeachana panda kwenye kimo cha kifua, imekatwakatwa watu wakitafuta vya kuegemezea migomba. Hakuna anayeilea. Inaota, inaachwa, inakatwa.

Nataka kuona mshambya uliolelewa unakuwaje.

25 Machi 2018

Kwa atakayesoma akiwa mbali na Kagera: sisi Wahaya huuita omushambya. Waganda ni musambya, na kilima cha Nsambya kule Kampala kina jina hilo hilo. Rwanda ni umusave, Wajaluo siala, Waluhya lusiola. Kwa Kiswahili utasikia mgambo au mtalawanda. Vitabu vya miti vinauandika *Markhamia lutea*, kwa heshima ya Mwingereza Clements Markham, aliyejulikana kwa kuhamisha mikwinini kutoka Amerika ya Kusini kwenda India. Mti wetu umebeba jina la mtu aliyehangaika na mti wa watu wengine.

Maua yake ni ya njano, umbo la tarumbeta, kooni yana mistari myekundu, na hutoka kwa vishada kwenye ncha za matawi. Ni wa ukoo mmoja na jakaranda, mwegea na kibobakasi. Kibobakasi nacho ni kizuri kikichanua, ila mbao yake ni laini na nyepesi, kwangu haina kazi. Mshambya una vyote viwili, ua na mbao. Ndiyo maana nauchagua.

Mpango: kibanja ni ekari moja na robo, kina migomba, buni na maharage, pamoja na miti mingine ya huku, mihumula miwili na mtoma mmoja wa zamani. Nitaingiza mishambya sitini hivi. Natarajia mbao kwa karakana yangu, kivuli chepesi kwa buni, na miche ya maua ya kuwauzia wenye nyumba na hoteli. Faida tatu katika mti mmoja.

(Nimesoma tena sentensi hiyo mwaka 2022 nikacheka. Naiacha ilivyo.)

8 Julai 2018

Tumeangua mapodo, yaani maganda yenye mbegu. Ni marefu na membamba, yananing'inia kwa mafungu kama kamba zilizosahauliwa. Yachume yakishageuka kahawia lakini kabla hayajapasuka. Ukichelewa siku tatu umechuma maganda matupu.

Mbegu ni nyepesi mno, kila moja ina bawa jembamba linalopitisha mwanga upande huu na huu. Kilo moja ni makumi ya maelfu ya mbegu. Nikazianika mkekani saa nne asubuhi, nikaenda kazini. Saa tisa upepo wa ziwa ukaingia kama kawaida yake, na niliporudi nusu ya mavuno ilikuwa imeshapandwa na upepo kwenye vibanja vya majirani watatu. Nusu iliyobaki niliikuta imekwama ukutani na kwenye manyoya ya mbuzi.

Mtu anayeanika mbegu zenye mabawa azifunike na chandarua.

19 Agosti 2018

Nimesia kitaluni tarehe 2. Mbegu hizi hazidumu hifadhini kwa muda mrefu, hivyo sikungoja mvua. Nimezifukia kidogo tu, udongo uliochekechwa juu yake, kivuli cha majani ya mgomba. Zimeanza kutokeza siku ya kumi na mbili. Jana nimehesabu 412.

6 Septemba 2018

Zimebaki 320 na ushee. Kinyausi. Shina linalainika pale linapogusana na udongo, mche unalala kama uliokatwa na uzi. Kosa ni la maji: watoto walimwagilia asubuhi, na mimi nikamwagilia jioni bila kuuliza. Nimepunguza kivuli, nimeacha udongo ukauke juu kidogo. Vifo vimekoma.

Miche 260 imehamia kwenye viriba, vifuko vya kuoteshea miche. Mchanganyiko: udongo wa chini ya mtoma mapipa matatu, samadi iliyooza mawili, mchanga moja.

11 Novemba 2018

Mvua za vuli zimekolea na miche ni midogo mno, haifiki hata kidole cha kati. Itasubiri masika. Jirani mmoja, mzee wa miaka themanini na zaidi, amepita akakuta nanyunyizia viriba. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama kitalu kwa muda mrefu. "Waitu, huu si omushambya?" Nikasema ndiyo. "Unaupalilia na kuuwekea samadi?" Akaondoka akitikisa kichwa.

24 Machi 2019

Siku ya kupanda. Miche 42 imeingia kibanjani, umbali wa hatua sita au saba kati ya mti na mti, nikifuata nafasi za migomba na siyo kamba. Miche 30 nimeipeleka kwenye kipande chetu cha rweya. Mingine imechukuliwa na majirani na shule, michache nimeuza.

Nimefanya na jambo moja la ziada. Humu kibanjani yalikuwamo maotea mengi ya mshambya, yaliyoota yenyewe. Nimechagua 25 yaliyo na kimo cha goti, sawa na miche yangu, yaliyosimama mahali pazuri, nikayafunga utambaa mwekundu ili mama asiyapitie na jembe. Sikuyatarajia makubwa. Niliyaweka kama mizani tu.

31 Agosti 2019

Rweya imekwisha. Moto wa kiangazi umepita tarehe 22, mtu alikuwa anachoma nyasi ili ng'ombe wapate chipukizi. Lakini siwezi kusingizia moto pekee. Wiki moja kabla nilikuwa nimehesabu 14 hai kati ya 30, na iliyobaki hai ilikuwa na majani ya njano, mingine imeguguniwa na mchwa shingoni. Udongo wa rweya umeoshwa na mvua vizazi na vizazi, una tindikali, hauna kitu. Kibanja ni kitu kingine: kimelishwa samadi na majani tangu kabla ya babu. Paini inavumilia rweya. Mshambya, kwa niliyoyaona, unataka kulala karibu na nyumba.

Sirudi tena huko na mche.

29 Machi 2020

Mwaka mmoja umetimia, nimepima yote.

Miche ya viriba: imekufa 11, imebaki 31, wastani wa kimo ni mita 1.1. Maotea: hayajafa hata moja, wastani ni mita 2.4.

Nilipima mara mbili nikidhani nimesoma futi vibaya. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, na mwaka jana vilikuwa na kimo kimoja. Jioni nikafukua mche mmoja wa kiriba uliokufa. Mzizi mkuu ulikuwa umejiviringisha chini kama kata ya kubebea maji kichwani. Miezi sita na nusu ndani ya kiriba umezunguka ukitafuta pa kutokea, na nilipouingiza ardhini uliendelea kuzunguka. Mshambya ni mti wa mzizi wa kwenda chini moja kwa moja, na ndiyo unaoupa nguvu ya kustahimili kiangazi. Mimi niliupinda ungali mtoto, na ujinga wangu nikauita kitalu bora.

Kwa hiyo fedha ya viriba, mchanga wa kununua, kazi ya watoto, ugomvi wa maji, vyote hivyo vilizaa miti iliyo nusu ya ile niliyopewa bure. Mzee jirani hakunicheka. Alisema tu kwamba babake alikuwa akitembea kibanjani baada ya mvua akiamua ipi ibaki.

Kama bado unataka kitalu, kwa sababu huna maotea au unapanda mjini, sia kwa kuhesabu nyuma kutoka kwenye mvua, mche ukae kwenye kiriba miezi mitatu au minne, na sogeza viriba kila wiki mbili ili mzizi usizame ardhini. Kabla ya kupanda chana kiriba, ukiona mzizi umejikunja chini, kata pale ulipojikunja.

15 Novemba 2020

Mnyauko wa migomba umeingia. Ulianza kibanja cha tatu kutoka kwetu, sasa uko kwetu. Majani yananjanoka na kuning'inia, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata tunda ndani lina doa la kahawia, ukikata mgomba unatoa ute wa njano. Tumeng'oa mashina tisa. Mama hakusema neno siku nzima.

Nauandika hapa kwa sababu unahusu mishambya. Siku mbili kabla nilikuwa napogolea miti kwa panga lile lile nililokatia majani ya migomba. Panga ndilo gari la ugonjwa huu. Tangu leo kuna sheria: panga la miti lina mpini uliopakwa rangi nyekundu na haligusi mgomba, hata tukiwa na haraka. Panga la migomba linapitishwa motoni au kwenye jiki kila baada ya shina moja. Ua dume linatolewa kwa kijiti chenye panda, bila chuma, ili wadudu wasipate pa kutua.

7 Agosti 2021

Pale mashina tisa yalipong'olewa pameingia jua, na miti sita iliyo jirani na mapengo hayo imeruka. Mmoja umeongezeka mita 2 kasoro kwa karibu miezi tisa. Sifurahii jinsi nilivyojifunza, lakini nimejifunza: chini ya migomba iliyoshonana mshambya unaishi, haukui.

Leo nimemaliza duru ya pili ya kupogolea, na hapa nitaandika kwa urefu, maana ndipo ilipo mbao.

Majani ya mshambya hukaa mawili mawili yakitazamana. Pale kila jani linapoungana na shina kuna jicho. Ncha ya mti ikiwa nzima, macho hayo husinzia. Ncha ikivunjika, iwe ni mkungu umeuangukia, ni mtoto amening'inia, au ni upepo, macho mawili huamka siku moja kwa nguvu sawa, na hapo unazaliwa ule mti wa panda tunaouona kila mahali. Siyo tabia ya mti, ni ajali ambayo hakuna aliyeitibu. Kati ya miti yangu 56, 23 ilikuwa na panda. Miwili iliyopasuka pale pandani nimeing'oa. Kwa 21 iliyobaki nilichagua chipukizi moja, lile lililonyooka na siyo lazima lile nene, la pili nikalikata lingali na unene wa kidole. Baada ya miezi mitatu kiwiko kilikuwa kimejaa na shina limenyooka. Ukingoja liwe nene kama mkono, unaacha kidonda ambacho seremala mwingine atakutukania miaka ishirini baadaye.

Matawi ya chini nayatoa mpaka theluthi ya kimo cha mti. Mwanzoni nilizidisha, nikavua matawi nusu ya mti nikidhani nausaidia, na mti ukawa mrefu mwembamba unaoyumba kama mwanzi. Nakata kwa msumeno mdogo karibu na shina bila kuchubua ile pete iliyovimba kwenye maungio. Matawi manene yanaegemeza migomba, membamba ni kuni, majani yanabaki pale pale kama matandazo. Kwa mama hiyo ndiyo faida ya kwanza iliyoonekana: tangu mwaka huu hatujanunua miti ya kuegemezea mikungu.

16 Oktoba 2022

Mishambya imechanua. Siyo ya kibanjani. Ni miche niliyomuuzia mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, aliyoipanda mahali pa wazi na hakuigusa na panga. Ina kimo cha dari tu, matawi tangu magotini, na imefunikwa njano. Wageni wanapiga picha. Nyuki wamejaa.

Yangu, iliyopogolewa na kunyooka, ina vishada vitano huko juu ambako kunguru ndiye anayeviona.

Hapo ndipo sentensi yangu ya 2018 ilipoanguka. Mti wa mbao unaubana pembeni, unauvua matawi, unaulazimisha kupanda. Mti wa maua unaupa nafasi na kuuacha utanue mabega. Mti wa kivuli cha buni uko katikati: shina tupu mpaka juu ya kichwa, kisha mwavuli mwepesi wa matawi, na hata hapo unarudi kila mwaka kupunguza. Kila mara nilipotaka mti mmoja unipe vyote vitatu nilipata robo ya kila kimoja. Sasa nimegawa. Yote ya katikati ni ya mbao. Tisa iliyo kwenye mistari ya buni ni ya kivuli, sitegemei ubao mrefu kutoka kwayo. Na mmoja, ulioota wenyewe ubavuni mwa kaburi la baba, ambao sikuwahi kuuhesabu, hauguswi. Huo ni wa maua.

Mteja huyo huyo alipanda miche minne bondeni, karibu kabisa na maji, ambako masika hutuama kwa wiki kadhaa. Yote imekufa. Mshambya unavumilia ukame na udongo mzito, hauvumilii kusimama majini. Nilimwambia. Nimempa mingine minne kwa bei ya nusu na nimesimamia mashimo mwenyewe, juu ya mwinuko.

3 Juni 2023

Amekuja mfanyabiashara wa miti na pikipiki. Ametembea kibanjani kama aliyealikwa, akagonga mashina, kisha akatoa bei: shilingi 15,000 kila mti, analipa leo, atakata "ikikomaa". Nikamwuliza nani ataamua kwamba imekomaa. Akatabasamu.

Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akasema kwa Kihaya, bila kuinua uso, kwamba hii ni butura. Kwa wasioijua: butura ni kuuza buni ikiwa ingali ua, mtu ana shida ya ada au msiba, mnunuzi anajipangia bei. Familia nyingi huku zimevuna buni isiyo yao kwa njia hiyo. Sikujua kwamba mti nao una butura yake. Nimemshukuru mgeni, tumempa kahawa ya kutafuna, ameondoka.

21 Julai 2024

Kupunguzia. Nimetoa miti 14 kati ya 54: iliyopinda bila dawa, na ile iliyosongwa na wenzake. Kabla ya kukata nilipitia kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa misitu, hata kama miti ni yangu na iko kwangu. Mbao isiyo na karatasi inakuwa shida ikishafika barabarani.

Minane imekwenda nguzo na boriti. Sita iliyo minene nilipasua, kwa tamaa ya fundi. Nakiri. Ubao mpana zaidi ulikuwa inchi tano, na kiini kilipita katikati yake. Nilizipanga kivulini na vijiti kati yake, mawe juu. Baada ya wiki sita zilizo na kiini zilikuwa zimejikunja kama kigae, zile za pembeni zimetulia. Zinarandika vizuri, hazichaniki, msumari unaingia bila ubao kupasuka. Nimetengeneza vigoda vinne na kizingiti kipya cha mlango wa baba, ambao hatimaye umerudi kwenye jiko.

Yaani miaka mitano inatosha kwa nguzo na haitoshi kwa mbao. Inayobaki 40 siigusi kwa msumeno mpaka mzingo ufike mita moja.

14 Juni 2025

Nimepima kwa futi ya fundi cherehani, kimo cha kifua. Maotea: mzingo wa wastani sentimita 47, yaani kipenyo cha 15. Mnene kuliko yote una 58. Ya viriba iliyopona imefika wastani wa 36, na iliyokatwa mzizi siku ya kupanda (nilikuwa na miwili tu, kwa bahati) iko sawa na maotea. Shina tupu bila tawi ni kati ya mita 4 na 5.

Buni chini ya ile tisa ya kivuli haijapungua. Mzinga mmoja wa nyuki nimeutundika Februari, bado hauna mwenyeji.

Visiki vya mwaka jana vimechipua vyote 14, kila kimoja kina machipukizi sita mpaka kumi na mawili, mengine yamenipita kimo. Yana mizizi ya mti mkubwa chini yake, hivyo yanakimbia kuliko mche wowote. Wiki ijayo nabakiza mawili kwenye kila kisiki, mwakani moja. Mzee jirani ameomba aje kutazama, na ameniuliza kama ninaweza kumpitishia msumeno kwenye mishambya yake mitatu ya panda. Nimemwambia miwili imechelewa, mmoja tutaujaribu.

Panga la mpini mwekundu limevunjika mpini jana. Kuna kipande cha mshambya kikavu karakanani, nitauchonga kesho.